Serikali tatu, mkataba, mamlaka kamili, mhafidhina: katika Muungano tunajadili hoja au tunavishana majina?

#1 MchambuaHati

Wakuu, salaam.

Mjadala wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar umejaa majina ya makundi yanayotupwa bila kupimwa. Ukisema "serikali tatu" unaitwa mvunja Muungano. Ukisema "mbili" wewe mhafidhina. Ukisema "mkataba" wewe Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar. Matokeo yake watu wanaotofautiana kidogo tu wanatukanana, na wanaopishana kabisa wanapeana mkono kwa sababu wanatumia neno moja.

Dai langu ni kwamba kila jina lingevuliwa na kuulizwa maswali manne. Dola ngapi zinaonekana nje, kwenye kiti cha Umoja wa Mataifa? Serikali ngapi ndani? Nani anaishika orodha ya mambo ya Muungano, na ina mambo mangapi? Mlango wa kutokea upo au haupo?

Pima hivi. Serikali mbili za sasa: dola 1, serikali 2, orodha ya mambo 22, mlango hakuna. Serikali tatu za rasimu ya pili ya katiba mpya, ya Tume ya Jaji Warioba iliyokusanya maoni ya wananchi (Desemba 2013): dola 1, serikali 3, orodha ya mambo 7, mlango hakuna. Muungano wa mkataba kama unavyoelezwa na wanaoutaka: dola 2 kwanza, kisha makubaliano ya mambo machache, na mlango upo kwa sababu mkataba una vifungu vya kujitoa.

Kwa kipimo hicho mtu wa serikali tatu yuko karibu na mtu wa serikali mbili kuliko alivyo karibu na mtu wa mkataba. Lakini kila siku wa tatu na wa mkataba wanafungwa kwenye furushi moja. Kwa nini?

#2 Pwezi_wa_Mkondo

Hoja nzuri mkuu, ila umeanzia ghorofani. Tatizo liko chini, kwenye lugha. Neno "muungano" kwa Kiswahili linabeba kila kitu: nchi mbili kuwa moja, nchi mbili kushirikiana, hata vyama viwili kusimamisha mgombea mmoja. Tunalo neno "shirikisho", lakini limeachwa kwa Afrika Mashariki.

"Nchi" nayo inabeba ardhi, taifa na dola kwa pamoja. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 1, inasema Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Zanzibar baada ya mabadiliko ya kumi ya 2010, ibara ya 2, inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Neno moja, hesabu mbili. Waziri Mkuu Pinda aliposema bungeni mwaka 2008 kwamba Zanzibar si nchi, aliyesikia "dola" na aliyesikia "kwetu nilikozaliwa" hawakusikia sentensi moja.

#3 Kifungu_cha_Ishirini

Lugha ina sehemu yake, lakini mimi naiona sheria ndiyo mama wa majina haya. Someni ibara ya 20(2) ya Katiba ya Muungano pamoja na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992. Chama hakisajiliwi kikipigania kuvunjwa kwa Jamhuri ya Muungano. Hakisajiliwi kikikusudia kufanya siasa upande mmoja tu. Na ili kipate usajili wa kudumu lazima kionyeshe wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba.

Maana yake ni kwamba jina "mpenda kujitenga" haliwezi kubebwa kihalali na chama chochote. Mwenye fikra hiyo lazima atafute neno linalopita mlangoni. "Mkataba" linapita. "Mamlaka kamili" linapita. Na anayempinga, kwa kuwa anajua neno limechaguliwa ili lipite, anamvisha lile lisilopita. Hapo ndipo MchambuaHati anapata jibu la furushi lake.

#4 Jahazi La Jioni

Kifungu_cha_Ishirini, umesahau upande wa pili wa sheria hiyo hiyo. Ilimkamata mtu wa Bara pia. Mchungaji Christopher Mtikila alitaka Tanganyika irudi, na chama chake cha DP kilikosa usajili miaka ya tisini kwa sababu hakikutaka kutafuta wanachama Zanzibar. Kilisajiliwa 2002. Kwa hiyo tusiseme sheria inawabana Wazanzibari peke yao.

#5 Kifungu_cha_Ishirini

#4 sahihi kabisa, nashukuru.

#6 Bi Mkubwa wa Malindi

Vijana, mnazungumza kama majina yameanza na tume. Yameanza kabla ya Muungano wenyewe. Siasa za visiwani za miaka ya hamsini ndizo zilizotupa "Hizbu" kwa watu wa ZNP, chama cha 1955, na "Gozi" kwa watu wa Afro-Shirazi, chama cha 1957. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 "Hizbu" liliacha kuwa jina la chama likawa jina la tuhuma. Mtu aliyezaliwa 1985, chama hakijui hata kwa picha, anaitwa Hizbu kwa kuuliza mapato ya bandari.

Ndiyo maana nasema swali lako la nne, MchambuaHati, la mlango wa kutokea, visiwani halisikiki kama swali la katiba. Linasikika kama "unataka kurudisha nini?" Ukimwuliza mtu wa makamo wa Ng'ambo au wa Wete, atakujibu lile alilolisikia, silo uliloliuliza.

#7 MchambuaHati

Bi Mkubwa, shikamoo. Nakubali, na naongeza: huo ndio ushahidi kwamba jina likishapoteza chama chake linakuwa la hatari zaidi, kwa sababu hakuna ilani ya kulipimia.

#8 Takwimu Safi

Turudi kwenye hesabu, kwa maana "wengi" nalo ni jina la kisiasa.

Tume ya Warioba ilieleza kwamba kati ya waliozungumzia muundo wa Muungano, upande wa Bara asilimia 61 walitaka serikali tatu, 24 mbili, 13 moja. Upande wa Zanzibar asilimia 60 walitaka mkataba na 34 serikali mbili. Hapo watu wakaandika: "Watanzania wengi wanataka tatu."

Sasa angalieni kinachokwenda mrama. Kwanza, Zanzibar waliosema mkataba hawakusema tatu. Tume ilitafuta muundo wa kuwabeba wote ikafika kwenye tatu. Hiyo ni hukumu ya Tume, si kura ya mtu. Pili, waliotoa maoni kwa Tume ni zaidi ya watu laki tatu, lakini waliogusa muundo wa Muungano ni chini ya 50,000 tu. Rais Kikwete alipolihutubia Bunge Maalum la Katiba Machi 2014 alishika hapo hapo: wengi hawakuzungumzia Muungano kabisa. Jaji Warioba naye alikuwa ameshikilia kwamba waliozungumza ndio wenye hoja. Asilimia zile zile, mafungu mawili tofauti chini ya mstari.

#9 Mtumba wa Hoja

Takwimu Safi, kukaa kimya si kukubali. Mtu aliyekuja kuzungumzia maji na ardhi hakuulizwa habari za muundo. Huwezi kumhesabu upande wowote.

#10 Takwimu Safi

Ndivyo ninavyosema mimi. Simhesabu upande wowote, wala wa mbili.

#11 Pwezi_wa_Mkondo

Kabla hatujaondoka kwenye "nchi", mfano wa karibu na mchungu kwa wapenda soka. Tarehe 16 Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kama mwanachama wa 55. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaifuta, kwa sababu kanuni zake zinataka chama kimoja kwa kila nchi, na nchi inayohesabiwa ni dola inayotambuliwa kimataifa. CECAFA, ya soka la Afrika Mashariki na Kati, inaichezesha Zanzibar miaka yote bila shida, kwa kuwa haiulizi swali hilo. Timu ile ile ni nchi kwa CECAFA na si nchi kwa CAF. Hakuna aliyedanganya, kila kanuni imechukua maana moja ya neno.

#12 Nahodha wa Kipumbwi

Na mahakamani? Kesi ya uhaini ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, watu wa chama cha upinzani cha CUF. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola. Mamlaka ya dola yako kwa Jamhuri ya Muungano.

Tazameni jinsi majina yalivyogeuka. Serikali iliyowashtaki, kwa kutaka kuwafunga, ililazimika kusimama mahakamani na hoja kwamba Zanzibar ni dola. Washtakiwa, walioitwa wapenda kujitenga, waliokolewa na hoja kwamba Zanzibar si dola.

#13 Bi Mkubwa wa Malindi

Nahodha, hapo umenigusa. Na ndiyo sababu mojawapo ya yale maneno ya "nchi" kuingizwa kwenye Katiba ya Zanzibar 2010.

#14 Nahodha wa Kipumbwi

Hilo la sababu naomba tulitenganishe, Bi Mkubwa. Mabadiliko ya 2010 yalikuja na maridhiano ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 ilihusu serikali ya umoja wa kitaifa. Walioandika "nchi" walikuwa CCM na CUF pamoja barazani. Sasa kama kutaja nchi ni kujitenga, basi Baraza la Wawakilishi zima lilijitenga siku ile.

#15 Mwana wa Lamu

Ndugu zangu wa Tanzania, sisi Kenya majina yetu yana historia hiyo hiyo. "Majimbo" mwaka 1963 ilikuwa katiba halali: mikoa saba yenye mabaraza yake, na Seneti. Chama cha KADU cha Ngala na Moi kiliitaka ili makabila madogo yasimezwe. Chama tawala cha KANU kikaiondoa kwa marekebisho ya 1964. Kisha miaka ya tisini neno likarudi likiwa na maana ya kufukuza "wageni" Bonde la Ufa. Mwaka 2010 tulipogawa madaraka kwa kaunti 47, waandishi wa katiba walilikwepa wakachukua "ugatuzi".

"Shifta" ndilo baya zaidi. Ni neno la jambazi. Lilibandikwa watu wa Kaskazini Mashariki waliotaka kujiunga na Somalia, vita ikaenda 1963 hadi 1967. Chama chao cha kudai jambo hilo, NPPPP, hakuna anayekikumbuka. Jambazi anakumbukwa na kila mtu. Jina lilifuta hoja.

#16 Jahazi La Jioni

Mwana wa Lamu, umeruka la kwenu wenyewe! Mwambao umeuacha wapi?

#17 Mwana wa Lamu

Nilikuwa naufikia, usinisukume. Mwambao ni ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina na chini ya Waingereza kwa utawala. Tume ya Robertson ya 1961 ilipendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini kati ya Kenya na Zanzibar. Waliotaka ujitawale waliitwa watu wa Mwambao, na hilo halikuwa tusi.

Nusu karne baadaye likaja "Pwani si Kenya" la MRC, kundi la Mombasa Republican Council. Serikali ikalipiga marufuku kundi hilo 2010, Mahakama Kuu Mombasa ikaiondoa marufuku Julai 2012. Tofauti naiona hapa: Mwambao lilikuwa jina la mahali, unaweza kulijadili kwenye ramani. "Pwani si Kenya" ni sentensi nzima, ama unaikubali ama unaikataa. Jina la kisiasa likiwa sentensi, mazungumzo hayana pa kuingilia.

#18 Mtumba wa Hoja

#17 sikubaliani. "Mamlaka kamili" si sentensi, na bado hakuna pa kuingilia. Jaribu kumwuliza mtu: mamlaka kamili ndani ya Muungano au nje? Wapo waliosema ndani, maana yake orodha ipunguzwe, Zanzibar ikope na ijiunge na mashirika kwa jina lake. Wapo waliosema kiti cha Umoja wa Mataifa kile cha Desemba 1963 kirudi. Wote walikaa kwenye mkutano mmoja, bendera moja. Neno lilifanya kazi kwa sababu halikufafanuliwa.

#19 Nahodha wa Kipumbwi

Na halikufuata chama. Mzee Hassan Nassor Moyo alikuwa waziri tangu Mapinduzi, mwana CCM wa kadi za mwanzo, akasimama na mamlaka kamili mpaka CCM ikamfukuza 2015. Mansoor Yussuf Himid alifukuzwa 2013. Huku CUF yenyewe kwa miaka mingi sera yake iliyoandikwa ilikuwa serikali tatu. Anayesema "mkataba ni CUF, mbili ni CCM" anafuta watu hao wote.

#20 Kifungu_cha_Ishirini

Na Bara vilevile. Kundi la G55 la mwaka 1993, wabunge waliotaka serikali ya Tanganyika, walikuwa CCM watupu. Vyama vingi havikuwa na mbunge wa kuchaguliwa kwenye uchaguzi mkuu bado. Bunge lilikubali hoja yao, kisha 1994 chama kikarudi kwenye mbili baada ya Mwalimu Nyerere kuingilia. Mwalimu hakuwaita wapinzani. Hofu yake ilikuwa kwamba ukishaanza na "sisi Wazanzibari, wao Watanganyika", mgawanyiko hauishii hapo.

#21 Mzee wa Rasimu

Naomba kuongeza jambo ambalo naona mnalizunguka: jina la upande wa pili wa Muungano halipo. Zanzibar ina jina, bendera, rais, baraza. Upande wa pili unaitwa "Tanzania Bara", na ibara ya 151 inaufafanua kwa kusema ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Kwa hiyo ukitaka kuzungumza na Zanzibar kama pande mbili, unayezungumza naye ni Serikali ya Muungano iliyovaa kofia mbili. Mzanzibari akisema "Tanganyika imejificha ndani ya Muungano" anaitwa mchochezi. Mtu wa Bara akisema "Tanganyika" anaitwa mbaguzi. Wote wanaelekeza kidole kwenye nafasi ile ile tupu.

Hati za Muungano za 22 Aprili 1964 zilifanya hivyo kwa makusudi au kwa haraka? Hapo wanasheria hawajaelewana. Zilisema katiba ya Tanganyika irekebishwe itumike kama katiba ya muda ya Muungano. Katiba ya mmoja ikawa ya wote, na mwenyewe akabaki bila.

#22 Takwimu Safi

Mzee wa Rasimu, na fedha ndizo zinazolitia nafasi hiyo tupu joto. Ibara ya 133 inataka Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ya 134 Tume ya Pamoja ya Fedha. Zanzibar imekuwa ikipewa asilimia 4.5 ya misaada na mikopo ya kibajeti, kiwango cha miaka ya tisini. Upande mmoja unasema ni kidogo kwa nchi, mwingine unasema ni kikubwa kwa idadi ya watu. Unaona? Asilimia 4.5 ni kubwa au ndogo kutegemea kama umeita "nchi" au "sehemu". MchambuaHati, ongeza swali la tano: nani anachangia nini, na hesabu iko kwa nani?

#23 MchambuaHati

Nimeliongeza, na nakushukuru. Naona kwa kweli lingekuwa la kwanza. Mtu asiyejibu la tano, majibu yake manne mengine ni mapambo.

#24 Pwezi_wa_Mkondo

Mwendo huu wa kutafuta neno linalopita hauko kwetu tu. Quebec mwaka 1980 waliwauliza watu kuhusu "mamlaka pamoja na ushirika", yaani wajitawale lakini wabaki na sarafu moja na Kanada. Ni mkataba kabisa kwa lugha yetu. Karibu asilimia 60 walikataa. 1995 wakauliza tena kwa sentensi nyingine yenye "ubia" ndani yake, wakashindwa kwa 50.58 dhidi ya 49.42. Kisha bunge la Kanada likatunga sheria mwaka 2000 kwamba swali lazima liwe wazi. Kwetu hakuna sheria ya uwazi wa swali, kwa sababu swali lenyewe haliruhusiwi kuulizwa na chama.

#25 Mtumba wa Hoja

Kwa hiyo unasema ikiruhusiwa kuulizwa, majina yatapungua? Mimi naona yataongezeka. Kampeni ya ndiyo na hapana itawapa watu mawili mapya.

#26 Pwezi_wa_Mkondo

Yataongezeka, lakini yatakuwa na maana moja moja. Hilo kwangu ni nafuu.

#27 Kifungu_cha_Ishirini

Chombo cha kuamua maana kipo kwenye karatasi. Ibara ya 125 hadi 128: Mahakama Maalum ya Katiba, kazi yake pekee ni kusuluhisha tafsiri ya katiba inapobishaniwa kati ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na upande mmoja, nusu na mwingine, na uamuzi unataka theluthi mbili ya kila upande. Haijawahi kukaa. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar wakati huo, alipotaka kuipelekea suala la muundo, mwisho wake ulikuwa kujiuzulu Januari 1984, na kipindi kile kikapewa jina lake: "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Hata tukio la kikatiba tumeliita jina la mvua.

#28 Bi Mkubwa wa Malindi

Liliitwa hivyo kwa sababu watu walikuwa wanaogopa kulitaja, mwanangu. Usiligeuze kuwa la utani.

#29 Kifungu_cha_Ishirini

Sikutania, Bi Mkubwa, samahani ikiwa limesikika hivyo. Nasema woga ule ndio uliotunga jina.

#30 Mwana wa Lamu

Swali kwa wenye katiba mkononi: hayo mambo 22, yakitaka kupunguzwa moja tu, njia ni ipi? Kwetu tungeenda kura ya maoni.

#31 Mzee wa Rasimu

Njia ni ibara ya 98(1)(b). Orodha ya mambo ya Muungano imo kwenye Nyongeza ya Kwanza, na Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili inasema kuibadilisha kunataka theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kura ya maoni haitakiwi. Ilianza na mambo 11 mwaka 1964 na imefika 22 kwa kuongezwa bungeni: sarafu 1965, mafuta na gesi 1968, usajili wa vyama 1992. Ambaye angetaka kuondoa hilo la mwisho tu angehitaji theluthi mbili mara mbili.

#32 Mwana wa Lamu

Nimeelewa. Na huyo mbunge wa kuwasilisha hoja hiyo, angeitwa nani?

#33 Nahodha wa Kipumbwi

Bara wangemwita wa Zanzibar. Zanzibar wangemwuliza kwa nini ameacha mambo mengine 21.